Mwezi wako hutoka kama balbu? Punguza mwanga

Baada ya kuacha chuo, nilibaki na simu yenye kioo kilichopasuka na paa la ploti yetu. Jioni ya Machi 1, 2023, Zuhura na Mshtarii zilikaribiana sana upande wa magharibi. Nilipiga picha thelathini, zote zikatoka na ukungu. Mkono ulikuwa unatetemeka, msee!

Siku hizi naegemeza simu kwa mtungi wa maji, naweka taima sekunde 3. Mwezi unamulikwa na jua, kwa hivyo ISO 50, shata 1/1000. Ukitaka sayari pamoja na majengo, jaribu nusu sekunde.

Juzi mathe alipanda kuanua nguo, akaziona. "Hizi umetoa intaneti?"

Nikampa simu apige yake.