Sakafu Kwanza, Mkeka Baadaye

Wazazi, sisi ni walimu wa kujitolea. Darasani tunaona watoto wanaochechemea, vidole vimejaa funza. Funza anapenda vumbi kavu, na kwenye sakafu yenye mashimo ufagio haulitoi lote. Wengine tunatandika kapeti la plastiki juu ya mashimo, eti kazi imeisha. Hapana! Plastiki inachanika penye bonde, vumbi linabaki chini.

Basi tufanye hivi. Toa vyombo nje, fagia. Jaza maji kwenye chupa iliyonyooka, acha hewa kidogo, ilaze juu ya ubao ulionyooka. Hewa ikikimbilia upande mmoja, huko ndiko juu. Mlangoni pashuke kidogo tu, kama upana wa kidole, ili maji yakimwagika yatoke.

Penye kilima kwangua kwa jembe, lakini usichimbe chini ya ukuta. Penye shimo nyunyiza maji kwanza, kisha jaza udongo wa kichuguu uliochekechwa, kidogo kidogo, na kila safari shindilia kwa gogo. Ukijaza mara moja, juu panakuwa pagumu, chini panabaki laini, na kesho panatitia.

Acha pakauke, mlango wazi. Nyufa zikitokea, ziba, halafu siriba kwa udongo laini uliochanganywa na majivu. Kabla ya kutandika, laza kipande cha plastiki usiku kucha. Asubuhi kikiwa na jasho chini yake, subiri bado.

Na udongo usichimbwe nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha shimo linajaa, mbu wanazaliana, mtoto anaweza kutumbukia. Waulizeni viongozi wa kijiji pa kuchimba.

Wapo wanaosema, "Hapa tunapita tu, ya nini kujisumbua?" Tunawaelewa, sote tunawaza nyumbani. Lakini kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na baadhi ya waliozaliwa hapa mwaka huo leo ni wazazi. Mtoto hawezi kungoja safari ndipo apate pa kutambaa.

Vijana, bibi na babu wanaoishi peke yao hawawezi kushindilia. Jumamosi moja, watu wanne, chumba kimekwisha. Tuanzie kwao.