Tela Zito Lichaguliwe kwa Mteremko

Barabara Na. 1 inaanzia mjini Bujumbura, mahali palipo mita 770 na kitu tu juu ya usawa wa bahari, na kabla haijatimiza kilometa 40 imekwisha kupanda mpaka Bugarama, penye baridi na ukungu, zaidi ya mita 2,000. Sehemu kubwa ya mzigo utokao bandarini na kwenda Muramvya, Kayanza au Ngozi hupanda mlima huo. Madereva husimulia sana habari za kupanda: injini iliyochemka, gia iliyokataa, saa mbili zilizopotea. Habari za kuteremka husimuliwa kwa uchache zaidi, kwa sababu iliyo wazi. Gari lililoshindwa kupanda husimama. Lililoshindwa kuteremka halisimami.

Tumeanza na mlima huu kwa makusudi. Ndugu zetu wa vikosi, wale walio katika ofisi za usafirishaji na wale wanaofikiria kutumia akiba zao kununua chombo cha biashara, wanauliza mara kwa mara tela gani linafaa kwa kazi nzito. Aghalabu swali hilo huulizwa kwa namna moja: linabeba tani ngapi? Kwa nchi yetu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: litazuiliwa na nini likiwa limejaa, nyuma ya gari, katika kona za kushukia Bujumbura?

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya jina. Kwetu mjini, hata kwa mafundi wa Buyenzi ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, wengi husema remoriki, kwa kufuata Kifaransa. Dar es Salaam husema tela. Katika makala haya tunasema tela, maana ni neno fupi na limekwisha kukubalika.

Hesabu ya mteremko si ngumu. Tani 10 zikishuka mita 1,200, nguvu iliyomo katika kushuka huko, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita zaidi ya 300 za maji ya bomba. Joto hilo hapana budi liende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, sehemu huzuiliwa na injini iliyo katika gia ndogo, na yote yaliyobaki huingia katika ngoma za breki. Ngoma ikipata joto kupita kiasi hutanuka ikajitenga na viatu vya breki, na viatu vyenyewe hupoteza ushikaji wake. Dereva hukanyaga, kanyagio hushuka, gari haliitiki. Hakuna kilichovunjika, fundi akilikagua gari hilo kesho yake, limepoa, huenda asione kasoro yoyote. Ndiyo maana ajali za namna hii huandikwa “breki zilikatika”, hali ya kuwa hazikukatika hata kidogo.

Kwa hiyo aina ya breki ndiyo jambo la kutazamwa kwanza. Matela madogo, yasiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, mara nyingi hayana breki kabisa. Gari livutalo ndilo lizuialo vyote viwili. Yale ya kati, ambayo kwa kanuni za Ulaya hufika mpaka kilo 3,500, huwa na breki ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma, na msukumo huo huo hukaza breki za tela. Ni ufundi mzuri kwa nchi ya tambarare, na mengi ya matela haya yalitengenezwa huko. Lakini fikiri, ndugu msomaji, litokealo Bugarama. Tela husukuma gari tangu kona ya kwanza mpaka ya mwisho, na breki zake hubaki zimekazwa muda wote huo. Hata dereva mwema, atumiaye gia ndogo na kuuacha mguu mbali na kanyagio, anazichoma breki za tela bila kujua, kwa kuwa tela halitambui tofauti ya breki na injini. Linatambua kwamba mbele yake kuna kitu kinachozuia. Mwenye tela la namna hii hana budi kusimama njiani, mahali pa wazi na penye usawa, na kuziacha ngoma zipoe. Asizimwagie maji. Chuma chenye moto kikipata maji ghafula hupasuka.

Kwa kazi nzito kweli, yaani kupita tani tatu na nusu, litafutwe tela la breki za hewa. Hili huunganishwa na lori kwa mipira miwili. Wa rangi nyekundu hupeleka hewa katika tangi la tela, na wa manjano hupeleka amri ya mguu wa dereva. Ubora wake mkubwa ni huu: mpira mwekundu ukikatika, tela hujifunga lenyewe. Mnunuzi asiye fundi anaweza kulijaribu jambo hilo kwa dakika moja. Tela liwe limesimama pahali pa usawa, limeunganishwa, tangi limejaa. Auchomoe mpira mwekundu, kisha ajaribu kulivuta. Likivutika, asilinunue kwa bei yoyote. Hata hivyo ajue kwamba katika matela mengi ya zamani kufunga huko hutegemea hewa iliyobaki ndani ya tangi, nayo huvuja polepole. Tela lililoachwa juu ya mlima jioni likiwa limejifunga, yamkini alfajiri likawa huru. Vizuio vya magurudumu, vya mbao ngumu au vya chuma, si pambo.

Wazo la kwamba kuvuta ni pamoja na kuzuia si geni katika eneo hili. Mwaka 1915, Wajerumani walipokuwa wakitawala hapa Usumbura na meli zao zikilimiliki Ziwa Tanganyika, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Zilikuja kwa reli kutoka Cape Town mpaka Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo mwezi Agosti zilivutwa juu ya magurudumu kuvuka milima ya Mitumba, zikivutwa na mashine mbili za mvuke na makundi ya ng’ombe, kwa muda wa wiki sita hivi. Njia ilikatwa msituni na madaraja mengi yalijengwa kwa ajili ya safari ile tu. Kila palipokuwa na mteremko, kazi iligeuka: walioajiriwa kuvuta wakawa wa kushikilia. Mnamo Desemba 26 mwaka huo mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Wengi hukumbuka vita ya majini. Mtu wa usafirishaji asome zaidi zile wiki sita za nchi kavu.

Baada ya breki, kiungo. Gari dogo huvuta kwa tufe la chuma la milimita 50, na tufe hilo halikuumbwa kwa mizigo mizito. Malori ya kiraia kutoka Ulaya hutumia pini na pete ya milimita 40 au 50. Magari ya kijeshi ya mtindo wa NATO hutumia ndoano na pete ya milimita 76.  Pete isiyolingana na ndoano yake, hata ikiingia, hucheza na kugonga katika kila shimo mpaka siku moja ikatoka au ikavunjika. Kiungo kilichoungwaungwa kwa kuchomelewa hakifai hata kama aliyekichomelea ni hodari, na mafundi hodari tunao. Mchomeleo hauonyeshi ufa wake mpaka umekwisha kuachia. Tazama pia umeme: malori makubwa na magari ya jeshi huwa na volti 24, pikapu volti 12. Taa za tela zikiwa za volti 24 nyuma ya pikapu zitawaka kama kaa la sigara.

Mzigo wenyewe upangwe ili uzito wake mkubwa ukae mbele kidogo ya ekseli. Kwa tela la ekseli moja, asilimia 10 hivi ya uzito wote ilale juu ya kiungo. Mzigo ukirundikwa nyuma, mkono wa tela hunyanyua gari, na kwa mwendo wa kasi tela huanza kupepesuka kama mlevi, kulia na kushoto, mpaka linaliangusha gari. Tela la maji lina ubaya wake wa pekee. Likijaa kabisa limetulia. Likiwa nusu, maji hukimbilia upande wa nje katika kila kona. Ndugu zetu waliotumikia Somalia, tangu kikosi cha kwanza kilipokwenda mwaka 2007, waliendesha katika nchi ya bonde la Shebelle iliyo tambarare kama meza. Uzoefu wao ni mkubwa, lakini haukupatikana katika kona za Bugarama.

Sasa sheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao ndio kipimo kinachojulikana katika nchi nyingi, unataka kila tela lizidilo kilo 750 liwe na breki zake. Unataka pia kwamba kiungo kikikatika njiani, breki zijikaze zenyewe. Tela la ekseli moja lisilozidi kilo 1,500 ndilo husamehewa, kwa sharti liwe na cheni au kamba ya waya itakayouzuia mkono wake usianguke chini. Na dereva avutaye tela lizidilo kilo 750 kwa kawaida awe na daraja la pekee katika leseni, herufi E.

Uzito unatawaliwa na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka 2013, miaka sita baada ya Burundi kujiunga. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne, tani 10. Mbili zilizofuatana, tani 18. Tatu, tani 24. Jumla ya gari na tela isipite tani 56. Hapa ndipo wengi hupotea. Kibati cha kiwandani kinaweza kuruhusu tani 12 au zaidi kwa ekseli, kwa kuwa kiwanda kimefikiria nguvu ya chuma. Sheria imefikiria nguvu ya lami. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo, na kama matairi yana uwezo mdogo kuliko vyote viwili, basi yafuatwe matairi. Tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi husema wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa uani miezi mingi bila kutembea, na tairi huzeeka likiwa bado na meno yake.

Tela lina karatasi zake lenyewe na hukaguliwa lenyewe, si kivuli cha lori. Tunalisema hili kwa polisi wa barabarani pia. Wapo wanaoshika karatasi za gari, wakazisoma mpaka nukta ya mwisho, na kulipungia mkono tela lililoko nyuma. Na likiwa la jeshi hata halisimamishwi. Sisi tuliovaa sare hatuoni aibu kusimamishwa. Ngoma ya breki haijui cheo. Polisi wa zamu ya usiku atafute pembetatu mbili nyekundu zenye ncha juu, ambazo kwa mkataba ule ule wa Vienna ndizo alama ya tela kwa anayekuja nyuma. Akiona vioo vya mviringo au asipoona kitu, amepata pa kuanzia.

Yako mambo mawili ya kwetu ambayo kitabu cha kigeni hakitayataja. Magari mengi yetu yana usukani upande wa kulia, nasi twaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva avutaye tela akitaka kulipita gari lililo mbele haoni kitu mpaka amekwisha kutoka nusu nzima. Utingo akae kushoto, awe macho. Jambo la pili ni vijana wa baiskeli wanaoshika nyuma ya malori wakati wa kupanda. Tela ni refu, dereva hawaoni, na lori likirudi nyuma hata hatua mbili wao ndio wa kwanza. Convoi isimame kuwashusha, japo muda utapotea.

Uhaba wa mafuta wa miaka hii umeleta tabia nyingine: kutoa gia na kuliacha gari lishuke bure ili kuokoa lita moja au mbili. Kwa gari lenye tela ni kuuondoa mkono mmoja kati ya miwili inayolishikilia. Gia ichaguliwe Bugarama, kabla ya kona ya kwanza, wala isibadilishwe njiani. Na iwe ndogo kuliko ile iliyotumika kupandia.

Matela yaliyoingia majini Gatumba wakati wa mafuriko ya mwaka 2020 na 2024, kuhamisha watu na vyombo vyao, yafunguliwe bearingi hata kama yanazunguka vizuri. Maji yakiingia katika grisi huifanya nyeupe kama maziwa. Kiongozi wa gereji aitazame kwa macho yake mwenyewe, gurudumu moja moja, kabla hajatia sahihi.