Punda wa Maji na Mstari Mwekundu

Habari niliyoifuata Kondoa ilikuwa ya mahindi. Pikipiki ikapata pancha karibu na shule moja ya msingi, nikakaribishwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mezani palikuwa na daftari la mahudhurio ya walimu. Nikalifunua kupoteza muda.

Kila siku ina mstari wa wino mwekundu. Mwalimu mkuu huupiga saa 1:30 asubuhi; anayesaini chini yake amechelewa. Septemba nzima majina matatu yako chini: 1:50, 2:05, 2:20. Mwandiko umelala, kama wa mtu anayeandika huku anatembea. Nikafunua Novemba. Majina yaleyale yako juu ya mstari: 12:55, 1:05, 1:10. Hata saini zimenyooka, herufi zote zinasomeka.

“Uliwafanya nini?” nikauliza.

“Kwanza niliwakosea,” alisema mama huyu, mwalimu kwa miaka mingi. “Niliwaandikia barua za kujieleza, mara mbili. Siku moja nikatoka alfajiri nikawakuta kisimani, kwenye foleni ya ndoo. Kiangazi maji yanatoka kwa kudondoka. Mtu ameamka saa tisa usiku, halafu mimi namwita mvivu.”

Wote watatu ni wanawake. Walimu wanaume wa shule hiyo hawakuwa na tatizo hilo. “Wana wake,” alisema kwa mkato.

Aliitisha kikao cha wazazi. Wakakubaliana kumlipa kijana mwenye punda wawili, kwa mahindi, apeleke madumu manne kwa kila mwalimu jioni. Basi. Hakuna semina iliyofanyika, wala onyo la tatu.

Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mwalimu mkuu anashukuru kwa dhati. “Ila kisima hakikusogea,” akaongeza.

Nilitaka kuishia hapo, na makala ingekuwa nyepesi. Yeye ndiye aliyenionyesha jina jingine, la mwalimu wa hisabati. Nyumba anayo, maji anayo, anasaini saa 1:10 kila siku. “Anasaini, halafu anakaa. Zamani alikuwa anafundisha mpaka jioni bila kuombwa.”

Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja uliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, yeye alikuwa anangoja zamu yake. Mserereko, yaani upandishaji wa kuwafidia waliocheleweshwa, ulipokuja, jina lake halikuwemo. Leo analingana daraja na vijana aliowapokea kazini. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira mazuri huondoa manung’uniko, lakini ari hutokana na kutambuliwa, kupanda na kazi yenyewe. Daftari la mwalimu mkuu halina safu ya hayo.

Na mzazi mwenye magunia matatu ya mahindi, kwa nini abebe mzigo wa mwajiri? Mwaka ambao mvua itagoma, punda watalipwa nini? Niliyauliza yote mawili. Mama akatikisa kichwa.

Kuhusu mwalimu wa hisabati, alinifungulia faili. Amemwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua tatu. Nakala zipo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu bado.