Ufuta Mezani: Lishe Iliyomo Ndani ya Punje na Namna ya Kuifikia

Miongoni mwa mbegu zinazoliwa Afrika Mashariki, ufuta, ambao nchini Uganda na Kenya hujulikana zaidi kwa jina la simsim, una nafasi ya pekee, kwa kuwa ni zao la biashara linalotegemewa na wakulima wa mikoa kama Lindi na Mtwara, na wakati huohuo ni chakula chenye virutubisho vingi vilivyokusanyika katika punje ndogo sana. Hata hivyo, kuwamo kwa kirutubisho ndani ya mbegu ni jambo moja, na mwili kukipata ni jambo jingine, na kati ya mambo hayo mawili ndipo ilipo kazi ya mpishi.

Katika gramu 100 za ufuta mkavu usiokobolewa, karibu nusu ya uzito ni mafuta, takriban gramu 18 ni protini, ambayo hujenga na kukarabati mwili, na gramu 12 hivi ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo haimeng'enywi lakini husaidia utumbo kufanya kazi vizuri. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni ya asidi mbili, oleiki na linoleiki, zinazokaribiana kwa wingi. Zote mbili ni za kundi la mafuta yasiyoganda, ambayo yakitumiwa badala ya mafuta yanayoganda, kama vile samli na siagi, husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu. Kiasi hichohicho cha ufuta kina miligramu zipatazo 970 za kalsiamu, madini yanayoimarisha mifupa na meno, pamoja na miligramu 14 hivi za chuma na karibu miligramu 8 za zinki.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, hakuna anayekula gramu 100 za ufuta kwa mlo mmoja. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 9 hivi, na kalsiamu iliyomo haifiki sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ambayo ni takriban miligramu 1,000. Pili, sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo imo katika ganda, ambako imeshikamana na oksaleti, kemikali inayoizuia isifyonzwe kwa urahisi, na ndiyo maana ufuta mweupe uliokobolewa, ingawa hauna uchungu wa ganda, una kalsiamu kidogo sana ukilinganishwa na ule usiokobolewa. Tatu, mbegu huhifadhi fosforasi yake katika umbo liitwalo faiteti, ambalo hunasa chuma na zinki tumboni. Kuloweka mbegu au kuziotesha kabla ya kuzipika hupunguza faiteti, na kula matunda au mboga zenye vitamini C katika mlo huohuo husaidia mwili kufyonza chuma zaidi.

Hatua za jikoni zina maana kubwa zaidi ya ladha. Ufuta hupepetwa kwa ungo na kuoshwa ili kuondoa mchanga, ukaanikwa, kisha ukakaangwa bila mafuta kwa moto mdogo huku ukikorogwa mfululizo hadi punje zianze kuruka na kutoa harufu. Ukiachwa mpaka uwe wa kahawia iliyokolea, huwa mchungu. Joto hilo hubadilisha sesamolini, mojawapo ya kemikali za asili za ufuta, kuwa sesamoli, ambayo huyakinga mafuta yasichache upesi. Baada ya kukaangwa, ufuta hutwangwa au kusagwa, na hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu punje nzima ambayo haikutafunwa vizuri huweza kupita tumboni na kutoka ikiwa na virutubisho vyake vyote.

Mapishi ya eneo hili yanaonyesha matumizi mengi ya mbegu hiyo. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi na Walango husaga simsim iliyokaangwa hadi iwe rojo zito, wakalichanganya na mboga za majani, na hivyo mboga hupata mafuta yanayousaidia mwili kufyonza karotini iliyomo katika majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Zanzibar, mkate wa ufuta hukandwa kwa unga wa ngano, hamira na tui la nazi, ukanyunyiziwa ufuta juu na kuokwa kwa makaa, ilhali kashata za ufuta huungwa kwa sukari, kwa hiyo zinafaa kuliwa kwa kiasi.

Faida kubwa ya ufuta huonekana unapoliwa pamoja na jamii ya kunde. Protini hujengwa kwa asidi amino, na ufuta una methionini nyingi lakini lisini kidogo, wakati maharage, kunde na choroko zina lisini nyingi na methionini kidogo. Vikiunganishwa katika mlo mmoja, kila kimoja huziba upungufu wa mwenzake, jambo lenye manufaa makubwa kwa familia isiyomudu nyama au samaki kila siku.

Tahadhari mbili ni za lazima. Baadhi ya watu hupata mzio mkali wa ufuta, na nchini Marekani sheria ya mwaka 2021 iliuingiza katika orodha ya vyakula ambavyo lazima vitajwe kwenye vifungashio. Aidha, mbegu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaoweza kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kupika na huweza kusababisha saratani ya ini. Hivyo ufuta ukaushwe vizuri, uwekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, na ulioota ukungu utupwe.

Sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania huuzwa nje ya nchi ukiwa ghafi, na ni haki ya mkulima kupata fedha kwa jasho lake. Hata hivyo, kaya inayouza mavuno yote na kubaki na ugali na mboga isiyo na kiungo inauza pia chakula cha watoto wake, na kwa hiyo kila mkulima wa ufuta anashauriwa kutenga sehemu ya mavuno kwa ajili ya jiko lake kabla ya kupeleka magunia ghalani.