Pine mpya imefungwa, lakini ekru bado

Wandugu wa makooperative, wakati wa mavuno ukikaribia, kamio nyingi zinapewa pine mpya. Ni vizuri. Lakini tukipita kwenye depo tunaona jambo moja linajirudia: kijana wa mipira anakanyaga kle mara tatu, shofere analipa, motokari inaondoka. Hakuna mwenye kugusa zile ekru tena mpaka siku pine itoboke.

Juu ya nini tunasema hiyo ni hatari? Ekru inavuta bulo, bulo inabana janti, na ule mbano ndio unashikilia gurudumu. Kama nyuma ya janti kuna udongo, kutu ao rangi nzito, kwenye garaji utaona imekaza vizuri. Kisha barabara mbaya inasaga ule uchafu, nafasi inabaki, ekru inalegea. Sasa wazia hiyo itokee kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, magunia yamejaa na wamama wa soko wameketi juu yake.

Kwa hiyo, mbele ya kurudisha gurudumu, sugueni kwa brosi ya chuma mahali janti inapokaa, pande zote mbili. Gresi isiguse pale ekru inapokalia janti. Anzeni kila ekru kwa vidole. Ikikataa, usiilazimishe na kle, fileti zitakufa. Kisha mukaze kidogo kidogo kwa kuvuka: moja ya juu, halafu ya chini inayoielekea, si kwa kuzunguka. Kriki ikishushwa, ndipo mukaze ya mwisho.

Nguvu gani? Kitabu cha motokari ndicho kinasema. Pikapu nyingi zinaomba kati ya 100 na 150 za niutoni-mita. Kwa kle ya nusu mita, kusukuma kwa uzito wa kilo 25 hivi kunafikisha karibu 120. Mutu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya tiyo ya mita moja, anafikisha karibu 600! Kamio kubwa inaweza kuiomba, lakini kwenye pikapu bulo inavutika na siku ingine inakatika. Wengi wanaogopa ekru iliyolegea tu. Ile iliyokazwa kupita kiasi nayo ni mbaya.

Kwa kamio za Japani za zamani zenye pine mbili-mbili nyuma, angalieni sana. Ya ndani iko na ekru yake, ya inje iko na yake. Ukikaza ya inje peke yake, ya ndani inaweza kuwa imelegea na hautaona kitu. Legeza kwanza ya inje, kaza ya ndani, kisha rudisha ya inje. Fanya hivyo kwa moja ukiruka ingine, halafu urudie zile ulizoruka, ili gurudumu lisibaki bila kushikwa. Na upande wa kushoto wa nyingi kati ya hizo, fileti zinageukia kinyume. Tumeona vijana wakitoka jasho kulegeza ekru, kumbe wanaikaza.

Kisha, kilomita 50 hadi 100 baada ya kufunga, simameni mahali pa sawa na mukaze tena kwa kipimo kilekile. Shofere atasema hana wakati. Ni dakika chache, na kooperative ndiyo yenye kuamua: muandike kwenye daftari ya motokari kilomita za siku ya kufunga, na kilomita za siku ya kurudilia. Kupaka mstari wa rangi toka ekru mpaka kwenye janti kunasaidia pia. Mstari ukivunjika, ekru imezunguka.

Kila asubuhi shofere azunguke motokari yake. Akiona kutu inachuruzika toka kwenye ekru, ao tundu la janti limekuwa refu kama yai, gari isiondoke. Bulo moja ikikatika, mubadilishe na zile mbili za pembeni yake, kwa sababu zilibeba mzigo wake.