Jubilei Huanza na Majina



Mwaka 2029 itatimia miaka 150 tangu Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie kutoka Algiers, walipofika Ujiji mwezi Januari 1879. Kiongozi wao, Padre Joachim Pascal, hakuliona ziwa. Alifariki njiani mwaka 1878. Ndugu zetu Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wamekwisha kuingia Ujiji mwezi Agosti mwaka huo huo.

Je, sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika tuiandae jubilei hii namna gani? Wengi huanza na sare, ng'ombe wa karamu na orodha ya wageni. Hayo si mabaya, lakini si mwanzo.

Tusome Mambo ya Walawi, sura ya 25. Jubilei ni mwaka wa kumwacha mtumwa huru, na wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake na kwenye ardhi yake. Kwa Ujiji neno hilo ni zito. Hapa ilipita misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka Manyema kuelekea Tabora na pwani ya bahari. Ndiyo maana wengi wa Wakristo wa kwanza wa ziwa hili walikuwa watoto waliokombolewa utumwani.

Mtazameni Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga kisiwani Malta. Alipofika Karema, kusini mwa Kigoma, alitibu wagonjwa na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre, alikuwa katekista, mwenye mke na mtoto.

Atiman tunamjua kwa kuwa habari zake ziliandikwa. Lakini ni nani aliyeanzisha kigango chako? Ni mama gani aliyewafundisha watoto sala kabla kanisa halijajengwa? Wazee wanaojua wanatuaga mmoja mmoja. Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee sasa, iandike majina hayo, na makaburi yao yasafishwe.

Kisha tujiulize: ni nani asiye huru kati yetu leo? Yuko mtumishi wa ndani anayenyimwa mshahara wake. Yuko mtoto apelekwaye kuvua dagaa usiku, asubuhi akasinzia darasani. Yuko aliyezaliwa kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, asiyewahi kuiona nchi ya wazazi wake. Tukiwasahau hawa, tutakuwa na karamu, lakini hatutakuwa na jubilei.

Katekista mpendwa, Jumapili ijayo njoo na daftari na kalamu. Tuanze na jina moja.

Mungu awabariki. Amina.