Kombi Huozea Ndani

Anayekwenda kununua Kombi ya zamani, ile Volkswagen yenye injini nyuma, kitanda ndani na paa la kuinuka, kwa kawaida huanza na uso wake. Hutazama kioo kipana cha mbele, hukaa kwenye kiti kilicho juu ya magurudumu, hushika usukani mkubwa uliolala, halafu huuliza kupuliza rangi upya kutagharimu kiasi gani. Ningemwomba apige magoti kwanza. Fedha nyingi ya gari hili haiishii kwenye rangi. Huishia kwenye sentimita 30 za chini, kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele hadi mbele ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo mpita njia haangalii.

Sababu ni namna gari lenyewe lilivyojengwa. Land Rover ya zamani ina shasi, fremu nzito ya chuma, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Bodi ikioza, shasi bado inabeba. Kombi haina shasi ya kufungua. Ina reli mbili ndefu za chuma chembamba zilizochomelewa moja kwa moja kwenye sakafu, mbavu zinazotoka kwenye reli hizo kwenda pembeni, na kila upande boksi la chuma lililo chini ya milango, ambalo hapa nitaliita kizingiti. Kizingiti kina kuta tatu: ya nje, ya kati na ya ndani, zilizoshikanishwa kwa nukta za kuchomelea. Unayoiona ukisimama kando ya gari ni ya nje tu, na mzigo hauko hapo. Mzigo unabebwa na zile mbili zilizojificha. Kwenye toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1967, lenye mlango mpana wa kuteleza, ubavu mmoja wa gari una uwazi mkubwa mno, na kizingiti kilicho chini ya uwazi huo ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kuzuia gari lisijikunje katikati.

Magari haya yalianza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, Machi 1950, miaka mitatu baada ya Mholanzi Ben Pon kuchora wazo lake kwenye daftari. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuuza samani za kambi za kupachika ndani, na Uingereza nako kampuni za Devon na Dormobile zikafanya kazi hiyo hiyo. Huku kwetu Kombi nyingi zilibeba abiria na watalii, katika miaka ya 1960 na 1970. Kinga ya ndani ya maboksi yake ilikuwa ndogo kwa vipimo vya leo, na sidhani kama walioziunda walitegemea kwamba baada ya nusu karne mtu angekuwa bado anazitafutia bati. Mimi nafurahi kwamba wapo wanaozitafutia, na ndiyo maana inaniuma kuona fedha zao zikipulizwa juu ya chuma kilichokufa.

Kutu yenyewe inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Vikikutana, umeme mdogo sana hupita ndani ya ule unyevu, na chuma huanza kulika upande mmoja. Chumvi si chanzo, ni kichocheo. Huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Kwa hiyo gari lililokaa Nanyuki miaka mingi huwa zima kuliko lililokaa pwani, Tanga au Kilindini. Wanaoagiza gari kutoka Uingereza wakidhani kwamba baridi hutunza chuma wajue kuwa kule barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurushwa na matairi moja kwa moja hadi kizingitini.

Kuna jambo jingine ambalo huwaponyoka wengi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi. Ikianza kati ya mabati mawili yaliyobanana, huyasukuma yaachane. Mwanya ukipanuka, maji zaidi huingia, na kutu zaidi huzaliwa. Ukiona mstari wa maungio umevimba na rangi imepasuka kwa urefu wake, usidanganyike kwamba tatizo ni la juu juu. Ndani ya maungio hayo tayari kuna matabaka yanayobanduka.

Sasa, maji hufikaje kwenye kizingiti? Wengi hudhani hurushwa na matairi kutoka barabarani. Yapo ya namna hiyo, lakini mengi hushuka kutoka juu. Mpira wa kioo ukikauka na kupasuka, mvua hupenya ndani ya ukuta, hupita nyuma ya makabati na kuteremka hadi boksi la chini. Kombi za Westfalia ziliwekwa sufi ya kioo nyuma ya mbao za ukutani ili kuzuia joto na baridi. Sufi hiyo ikilowa haikauki. Hukaa imegandamana na bati mwezi baada ya mwezi, na bati huoza kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kuupaka rangi vizuri. Paa la kuinuka nalo limekaa juu ya tundu kubwa lililokatwa kwenye paa la chuma, na ukingo wa tundu hilo huanza kutu mara raba yake inapolegea. Ule mfereji mdogo unaozunguka paa huoza chini ya mastiki iliyopasuka. Sinki la jikoni lenye bomba linalovuja humwaga maji sakafuni chini ya kabati ambalo halifunguliwi. Nyuma, matundu ya kuingizia hewa ya injini huingiza pia mvua, na chini yake ndipo betri ilipokaa. Mvuke wa asidi ya betri na maji ya mvua vikikutana kwenye kisahani kimoja cha chuma, kisahani hicho hakidumu.

Kizingiti kiliachiwa nafasi chini ili maji yatoke. Vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na maji hugeuka tope, tope huziba nafasi hizo, na boksi linakuwa tangi. Nimeona vizingiti vikifunguliwa na udongo ukamwagika kwa kilo, ungali umelowa katikati ya kiangazi.

Kabla ya kulipa, chukua sumaku, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe taratibu sehemu ya chini ya gari. Inapoacha kushika, hapo chini ya rangi kuna puti nene au nyuzi za faiba. Kisha geuza bisibisi ugonge kwa mpini wake. Bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha jeki. Funga milango, mwambie muuzaji ainue gari kwa sehemu zake halali za jeki, nawe tazama mwanya kati ya mlango na nguzo huku gari likipanda. Mwanya ukibana juu au chini, au mlango ukigoma kufunguka gari likiwa hewani, bodi inajikunja. Na kama muuzaji anakataa kuliinua kwa sehemu hizo, amekwisha kukujibu.

Matengenezo huanza kwa kuondoa, na huwa ni kuondoa kwingi: makabati, mbao, sufi, mazulia, vioo vilivyo karibu na sehemu ya kuchomelea. Betri itolewe. Mtungi wa gesi ya jiko uende nje ya gereji. Tangi la mafuta limejificha mbele ya injini, juu ya giaboksi, na kwa kuwa halionekani mafundi wengine hujipa moyo kuliacha. Lisiachwe. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa.

Halafu inakuja hatua ambayo hutenganisha fundi wa bodi na mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Bodi ya Kombi iliyokatwa kizingiti ni kama boksi la kadibodi lililopasuliwa kona: bado lina umbo, lakini ukiliegemea linapinda. Kwa hiyo gari lisimame mahali tambarare, uzito ukibebwa kule unakobebwa siku zote, yaani kwenye magurudumu au chini ya ekseli. Mianya ya milango yote ipimwe na kuandikwa. Paipu za mraba zichomelewe ndani ya uwazi wa mlango, za kulala na za mshazari, zishikilie nguzo zisisogee. Ndipo upande mmoja ukatwe, utengenezwe hadi uishe, kisha uhamie wa pili. Fundi anayekata pande zote mbili kwa pamoja ili aokoe muda ataunda gari ambalo mlango wake wa kuteleza hautafunga tena, na hakuna urekebishaji wa bawaba utakaolisaidia.

Ukuta wa nje utolewe wote hata kama umetoboka sehemu ndogo tu, maana huwezi kujua hali ya wa kati bila kuuona. Kukata kuendelee hadi kwenye chuma cheupe chenye unene wake kamili. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu tundu la ukubwa wa sarafu huishia kuwa dirisha. Kutu ya juu juu, ambayo msasa au brashi ya waya inaifikia, inaweza kutulizwa kwa dawa zenye asidi ya fosforasi. Kutu iliyochimba vishimo inahitaji kupigwa mchanga kwa hewa ya kompresa. Iliyotoboa haina dawa, bati libadilishwe. Kuchomelea kiraka juu ya bati lililooza ni kutengeneza mfuko mpya wa maji, na kando ya kiraka hicho chuma chembamba kilichoungua kitaachia upya baada ya misimu michache.

Nikizungumzia bati, sina budi kusema wazi: mabati ya paa hayafai. Geji 30 ina unene wa takriban milimita 0.3, na geji 28 kama 0.4. Bodi ya gari la namna hii inahitaji geji 20, karibu milimita 0.9, kwa sehemu za juu, na geji 18 au 16, yaani kati ya milimita 1.2 na 1.5, kwa kuta za kubeba na mbavu. Isitoshe, mabati ya paa yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na maumivu ya mwili usiku ule ule. Habari njema ni kwamba kuta za kati na za ndani ni mikunjo iliyonyooka. Mafundi wa Kamukunji au Gerezani wanaweza kuzikunja kwa siku moja wakipewa vipimo na bati sahihi. Ukuta wa nje una umbo lake, na huo ni bora uagizwe. Unatengenezwa hadi leo huko Ulaya.

Kuhusu kuchomelea, mashine ya elektrodi hutoboa bati jembamba. Moto wa gesi unaweza kufanya kazi nzuri mikononi mwa mzoefu, ila joto lake husambaa, na pande pana za Kombi zikipata joto hutoa mawimbi ambayo yatajazwa puti. Mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 ndiyo salama zaidi. Kipande kipya kikae ukingo kwa ukingo na cha zamani, kishikizwe kwa nukta moja hapa, nyingine mbali, mkono ukirukaruka hadi nukta zikutane. Mstari mmoja mrefu unaochomelewa kwa mfululizo hupindisha bati mbele ya macho yako. Pale kiwanda kilipotumia nukta, toboa matundu madogo kwenye bati la juu uyajaze, na kabla ya kubananisha mabati hayo yapake praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa. Ukiyafunga yakiwa makavu, umepanda kutu mpya.

Praima ya kawaida hupitisha maji, na puti nayo huyanyonya, kwa hiyo puti isikae juu ya chuma kitupu. Epoksi itangulie, puti ifuate kwa tabaka jembamba lisilozidi milimita 3, kisha rangi. Maungio yote ya chini yapigwe mastiki ya magari. Rangi nzito ya lami siipendi: ikikauka hupasuka, na maji hujificha nyuma yake bila mtu kuyaona. Oili chafu ya injini, ambayo wengi hupuliza chini ya gari, ina asidi, hulainisha na kuharibu raba, na huchuruzika ardhini. Kinachofaa ndani ya kizingiti ni nta maalumu ya maboksi ya magari, ikiingizwa kwa mpira mrefu wenye kichwa cha kupulizia pande zote, baada ya kazi yote ya moto kwisha, maana nta hiyo hushika moto. Isukumwe hadi ianze kudondoka chini.

Mwenye gari aombe picha za kila hatua kabla ukuta wa nje haujafungwa: wa ndani, wa kati, mbavu, praima. Fundi mzuri hupenda kupigwa picha akiwa hapo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kazi yake itakayofichwa. Gari likishatoka, kila baada ya masika pitisha waya kwenye nafasi za kutolea maji chini ya kizingiti, mwagia maji juu ya mipira ya vioo huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi, na baada ya miaka miwili hivi rudia nta.